Neno Lililomshinda Mdogo Wako

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi,
Mlango wa kushoto.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa wifi yangu,

Najua ukiona bahasha nene moyo wako unaruka kwanza, halafu ndiyo unatafuta miwani. Tulia. Hakuna mgonjwa, hakuna msiba, wala hakuna anayeoa kwa siri. Sote hapa ni wazima, tunakula tunashiba, na tunagombana kwa kiasi. Vuta kiti, uisome taratibu, kwa sababu nimeamua kuandika kila kitu na sitaki unirukie mistari.

U hali gani wewe mwenyewe? Goti je? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukipanda ngazi tu, ukishuka halina neno. Mdogo wako akasema hilo si goti, ni mtu asiyependa kwenda kazini. Nimekuandikia ili umjibu mwenyewe, mimi sitii mkono wangu kati ya ndugu wawili. Na shemeji hajambo? Bado anaipiga makofi ile redio yake mpaka iseme? Mwambie siku moja na yenyewe itamrudishia.

Huku kwetu kitinda mimba ameng'oka meno yote ya mbele, lakini maringo yamebaki palepale. Wa katikati amekuwa mrefu kuliko mimi na ananitazama kwa juu kama mkaguzi. Mimi nashona kama kawaida, ila uzi na tundu la sindano siku hizi vinatafutana kama wachumba walionuniana. Karakana yetu ya makochi inakwenda vizuri. Watu bado wanakaa, na wanaokaa huchakaza viti, kwa hiyo hatulali njaa.

Sasa niingie kwenye lililonifanya nitafute karatasi.

Unakumbuka ulipokuja kututembelea, tukawa tunakunja nguo mimi nawe kule chumbani, ukaniuliza kwa sauti ya chini kama mdogo wako ana kinyongo nawe. Ulisema anakuamkia vizuri, anakuletea kiti, anakuuliza safari ilikuwaje, halafu basi, kama mtu anayemhudumia mteja. Ukasema hakuwa hivyo kabla ya kwenda jeshini. Nilishindwa kukujibu, maana nami nilikuwa sijui. Vita vyake alivifunga kama anavyofunga kochi: springi zote ndani, kitambaa juu, kimevutwa hakina hata kunyanzi. Ukikikalia unaona raha. Kilichomo ndani anakijua yeye.

Jibu lako sasa ninalo. Lakini nipe ruhusa nilifikie kwa mwendo wangu.

Nyuma ya karakana ya baiskeli, mtaa huu huu wetu, kumefunguliwa studio ndogo. Wanachukua sinema za nje na kuzitia maneno ya Kiswahili: midomo ya wageni, sauti za kwetu. Mwenyewe ni mama mmoja mwembamba, anavaa suruali yenye mifuko mingi, na kila baada ya muda anasema "kimya jamani" hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Sisi tukampa jina la Bibi Kimya. Alitutaka tuzibandike kuta zake sponji, ili sauti isigonge na kurudi, tumfunikie viti vipya, na nimshonee mapazia mazito ya milangoni. Mdogo wako akawa anapima na kukata, mimi nashona, Kamanda anapiga stepla.

Kamanda ni yuleyule binti yetu mkubwa, mwanao. Jina hilo wamempa wadogo zake, na huna haja ya kuuliza kwa nini. Amemaliza shule, ana mikono yenye nguvu kuliko ya baba yake, na hajui kuongea polepole. Jumamosi moja tulikuwa mezani, akatuambia kwamba amekwenda na wenzake wakakimbia, wakaruka, wakapimwa kifua na macho, na jeshi limemkubali. Anangoja kuitwa tu. Alilisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Mimi kijiko kiliniponyoka. Baba yake akamuuliza kama mbio zilikuwa ndefu. Akasema zilikuwa ndefu. Akamwambia hongera, akasukuma kiti, akateremka karakanani kukata sponji ambayo tayari ilikuwa imekatwa.

Nilingoja aseme neno, wifi. Nikangoja, nikangoja. Mwishowe nikamfuata, nikamwambia huyu ni mtoto wako, na wewe ndiye uliyekwenda kule. Mimi nitamwambia nini, mtu niliyeviona vita kwenye gazeti lililofungia maandazi? Akanijibu kwamba mtu mzima huachiwa njia yake. Maneno mazuri, lakini nilimwona anajificha nyuma yake kama mtoto nyuma ya mlango, miguu inaonekana. Nikamnunia. Yeye mwenyewe alijua nimenuna, kwa sababu chai yake ilianza kumfikia ikiwa baridi.

Basi tukawa tunakwenda studio sote watatu, tumebeba sponji na ukimya wetu. Na sinema iliyokuwa inatiwa maneno wakati huo, kama vile kuna mtu aliyeichagua kwa ajili yetu, ilikuwa ya vita.

Nikusimulie kidogo. Vijana wanapandishwa kwenye malori, wanaimba, wanatania, mmoja amebeba kinanda cha mdomo. Wanapelekwa kulinda stesheni ndogo ya treni katikati ya mashamba. Wameambiwa kwamba pale ndipo nchi nzima inapopitia, stesheni ikianguka kila kitu kimeanguka. Wanapigana, wananyeshewa, wanapungua. Kadiri siku zinavyokwenda nyimbo zinakatika, na wanaanza kuulizana kwa macho. Mwishoni mmoja wao anafuata reli kwa miguu, aone treni ya msaada imekwama wapi. Hafiki mbali. Anakuta reli zimeng'olewa zamani, nyasi zimeota mahali pake. Hakukuwa na treni iliyokuwa inakuja. Marafiki zake walikuwa wamekufa wakilinda benchi moja na saa ya ukutani. Anakaa chini pale kwenye nyasi, anavua kofia yake ya chuma, anaiweka kando kama mtu aliyefika nyumbani. Sinema inaishia hapo.

Ndani ya sinema hiyo yumo mzee mmoja wa kikosi, mwenye masharubu, aliyekwisha pigana vita vingine. Mtu aliyechukuliwa kuwa sauti yake alishikwa na mafua, akawa anatoa sauti ya bata. Bibi Kimya amekaa ameshika kichwa, na mdogo wako yuko upande wa pili ananielekeza, "Shika hapo. Vuta. Usiachie." Unaijua sauti yake, ile inayotoka tumboni. Yule mama akageuka polepole kama aliyesikia jina lake likiitwa.

Alipomwomba ajaribu, mdogo wako alicheka na kusema yeye ni fundi makochi. Ni Kamanda aliyesema, bila hata kuacha kupiga stepla, kwamba baba anaogopa kipaza sauti. Basi. Hakuna kitu kinachomwinua baba kama kuambiwa na binti yake kwamba anaogopa.

Kazi yenyewe nimeiona kwa macho yangu, nami nimeistaajabia. Unavaa zile spika za masikioni, unasimama mbele ya kipaza sauti, picha inapita mbele yako. Taa nyekundu ikiwaka, unamtazama yule mtu mdomoni tu, si machoni. Akifungua mdomo, nawe ufungue, akifumba, ufumbe. Neno likiwa refu kuliko mdomo wake, limeharibika. Likiwa fupi, anaonekana anatafuna. Kando yako anasimama anayejibizana nawe; hapa alikuwa kijana mmoja anayesoma matangazo ya sabuni redioni, amepewa sauti ya askari mdogo kuliko wote.

Na mdogo wako aliiweza! Nilishangaa mpaka sindano ikanichoma. Alilaani mvua, aliomba moto wa sigara, aliwakemea vijana wabadilishe soksi kabla miguu haijaoza, na kila neno likaingia kwenye masharubu ya yule mgeni kana kwamba alizaliwa nalo. Bibi Kimya akawa anatabasamu upande mmoja. Mpaka wakafika pale baada ya mapigano ya kwanza.

Yule kijana mdogo amekaa ameegemea ukuta. Mikono inamtetemeka, anaificha kwapani, inaendelea kutetemeka humohumo. Anamwuliza mzee kama hali hii itaisha. Mzee anamtazama, mdomo unafunguka kidogo sana, neno moja tu. Kwenye karatasi ya Kiswahili liliandikwa: Utazoea.

Taa ikawaka. Kijana wa sabuni akauliza swali lake vizuri sana. Mdogo wako akafungua mdomo, pakatoka pumzi tu. Wakarudia. Mara hii alisema, lakini lilitoka kavu, limekatika katikati. Bibi Kimya akamwambia kwa upole wasikimbilie, ni neno dogo. Wakarudia tena. Mdogo wako akavua zile spika za masikioni, akaziweka juu ya kiti nilichotoka kukifunika, akaomba maji, na badala ya kungoja maji akatoka kwenda ngazini.

Nilitaka kumfuata. Kamanda alikuwa ameshatangulia. Mimi nilikuwa juu ya kistuli natundika pazia la mlango huohuo wa ngazini, mikono yote juu, na wao wakakaa kwenye kidato upande wa pili wa kitambaa. Sikusikiliza kwa kukusudia, wifi, ila sikuteremka pia.

Kamanda alimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, lile neno lina mwenyewe.

Ndipo akamsimulia, na mimi nikasikia kwa mara ya kwanza nikiwa mkewe wa miaka yote hii. Alimwambia kwamba mama yenu alipofariki wewe ndiye uliyemlea, kwa mshahara wa kupiga pasi nguo za watu. Asubuhi ile ya kuondoka alitoka peke yake, akakuacha umelala kwa sababu mlishaagana jioni. Lori la jeshi lilikuwa kituoni limekwisha washwa. Akakuona unakuja mbio. Alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomvunja nguvu. Akakuambia kwamba viatu walivyompa vinambana, na hataki tena kwenda. Ukamnyooshea kola ya shati lile jipya. Ukamwambia, "Utazoea." Lori likaondoka.

Yaliyofuata aliyaeleza kwa kifupi, nami nitayafupisha zaidi. Walikuwa wameambiwa kwamba ng'ambo ya bonde kuna watu wabaya sana. Walipigana nao toka asubuhi, wakiwa hawaoni hata uso mmoja. Kulipokuwa kimya walivuka. Wa kwanza aliyemkuta alikuwa kijana wa umri wake, amelala ubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Na kiatu chake kimoja kilikuwa kimechanwa kwa kisu pembeni, penye kidole kidogo, ili kisimbane. Mdogo wako alitazama kiatu chake mwenyewe. Alikuwa amekichana palepale.

Alisema alikaa chini kando ya yule kijana na akashindwa kuinuka. Mwenzake mmoja akapita, akamgonga begani, akamwambia utazoea. Kuanzia hapo, alisema, neno hilo halikuwa tena na sauti ya yule mwenzake. Lilikuwa na sauti ya dada yake.

Halafu nikamsikia mwanangu, ambaye hajui kuongea polepole, anaongea polepole.

"Ulizoea?"

"Sikuzoea," baba yake akamwambia. "Nilinyamaza tu. Watu wakaona nimenyamaza, wakadhani nimezoea."

Akamwuliza kwa nini basi hakumwambia lolote siku ile mezani. Nilidhani ataleta tena hekima zake za kujificha.

"Kwa sababu nilipokutazama nilipata neno moja tu, nalo ni hilohilo," akasema. "Nikalimeza, nikakwambia hongera. Mimi leo ni mtu mzima kuliko alivyokuwa shangazi yako siku ile kituoni, na sikupata neno jingine. Yeye alikuwa msichana. Nilidhani alilisema kwa wepesi, nimebaki na dhana hiyo miaka yote. Kumbe alikuwa anaogopa."

"Unanikataza kwenda?"

"Sikukatazi. Nakuhadithia. Ukishajua, uamue mwenyewe. Ila nisikunyamazie, maana kijana akinyamaziwa anadhani amebarikiwa."

Hilo ndilo jibu lako, wifi. Nimeliandika kama lilivyotoka, sikuongeza chumvi. Si kinyongo. Ni kwamba alikuwa ameshika neno lako kwa upande wenye makali, na hakuna aliyemgeuzia. Sasa amegeuza mwenyewe. Kama unataka kulia kidogo hapa, lia, shemeji akikuuliza mwambie ni vitunguu. Halafu uendelee kusoma, mazuri yako mbele.

Walirudi ndani. Kamanda macho yake yalikuwa mekundu, akachukua stepla yake akapiga pini mahali ambapo hapakuhitaji pini. Bibi Kimya hakuuliza kitu. Alisema tu kama wako tayari waendelee, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alisahau kusema kimya jamani.

Taa ikawaka. Kijana wa sabuni akauliza kama hali hii itaisha. Mdogo wako hakutazama tena ile picha. Aligeuka, akanyoosha mkono, akamwekea sawa kola ya shati lake, kijana wa watu ameduwaa hajui kinachotokea, na akamwambia, "Utazoea."

Siwezi kukuandikia lilivyosikika. Lilikuwa neno la mtu anayemfunika mwenzake blanketi huku anajua ni fupi. Nalo likaingia kwenye mdomo wa yule mzee wa masharubu barabara, bila kuzidi wala kupungua. Baadaye Bibi Kimya akasema wanaweza kuendelea na kipande kinachofuata, na wakaendelea, mdogo wako akalaani mvua tena kama kawaida.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilibadilika, lakini kidogo kidogo, usidhani kulipigwa ngoma. Kamanda alianza kushuka karakanani jioni, anashika ncha ya kitambaa wakati baba yake anavuta, na anauliza. Walikula nini. Walilala wapi. Walikuwa wanacheka? Mdogo wako anajibu. Mengine ya kusikitisha, mengine ya kuchekesha mpaka nawasikia huku juu. Kumbe alikuwa na mwenzake waliyemwita Jumatatu kwa sababu kila siku aliamka na sura ya Jumatatu. Huyo Jumatatu nimeishi na mumewe mwenzake, yaani mume wangu, miaka yote na sikuwahi kulisikia jina lake! Unaona nilivyochanganyikiwa mpaka sentensi imenipinduka. Iache hivyo hivyo.

Kuhusu jeshi, Kamanda aliitwa. Siku aliyotakiwa aende, aliamka akavaa, tukadhani anakwenda. Akashuka, akafungua karakana, akaanza kung'oa misumari ya kochi moja la hoteli lililotusumbua sana. Mimi nilikuwa nimeshaandaa uso wa ushujaa, sikujua pa kuupeleka. Alipopanda kunywa chai akasema kwamba kundi hili ameliacha lipite. Hajasema hatakwenda kabisa. Alisema alikuwa anayapenda yale mabuti na ule mwendo wa pamoja, lakini hakuwahi kujiuliza mabuti yanakwenda wapi, na sasa anataka kujiuliza kwanza. Baba yake akamwambia kwamba akiamua kwenda mwakani atamsindikiza mwenyewe mpaka getini. Kamanda akasema akimsindikiza asije na mambo ya kunyoosha kola. Wakacheka wote wawili. Mimi nilichelewa kucheka, lakini nikacheka.

Jana ndiyo sinema ilionyeshwa. Bibi Kimya alikodi ukumbi mdogo wa jirani, akatualika wote tuliofanya kazi, na watu wa mtaa wakaja kwa wingi mchana ule, wengine na stuli zao mkononi. Tulikaa mstari wa pili. Mdogo wako alikuwa amevaa shati lile la harusi za watu, amekaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Yule mzee wa masharubu alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, mwenye duka la rangi akainuka kitini akasema kwa sauti, jamani huyo si fundi wetu? Ukumbi mzima ukageuka kututazama. Kila alipoongea mzee, watu wakawa wanacheka kwa furaha, hata pale alipokuwa analaani. Nilianza kuona aibu kwa ajili ya waliotengeneza sinema, wameleta huzuni, sisi tumeifanya sherehe.

Lakini kilipofika kile kipande cha "Utazoea", hakuna aliyecheka. Na mwisho, yule kijana alipozikuta reli zimeng'olewa, mama mmoja nyuma yetu alisema tu, "Watoto wa watu." Nikamtazama mdogo wako kwa pembeni. Nilidhani nitamkuta ameinamisha kichwa. Alikuwa ametulia, mkono wake umelala juu ya mkono wa binti yake, anatazama kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga zamani na sasa hakai tena.

Nje, watoto wa mtaa walimzunguka wakimwomba awaambie kuhusu soksi. Akawakemea kwa sauti ile: "Badilisheni soksi, miguu itaoza!" Wakakimbia wakipiga kelele. Mpaka asubuhi hii bado wanapita chini ya dirisha wakiliimba. Kitinda mimba wetu, asiye na meno, ndiye kiongozi wa wimbo.

Sasa kubwa la mwisho. Jana tukiwa tunarudi, tunatembea polepole, yeye amebeba stuli ya jirani, akaniambia anataka kuja kwako. Nikamwuliza tunakwenda lini. Akasema si sisi, ni yeye. Mtu ambaye hata kununua kitambaa mjini ananiburuza nikashike upande wa pili, anataka kupanda basi peke yake mchana kutwa kuja kukuona. Nikamwuliza utamwambia nini huyo dada yako. Akasema hajui, atakaa tu, kama kuna kochi linalohitaji kufungwa atalifunga. Basi kama una kochi bovu, usilitengeneze. Na kama huna, livunje.

Atakuja mwisho wa mwezi huu, tukishakabidhi viti vya hoteli. Mpokee usimwulize mambo mengi siku ya kwanza. Anafunguka kama parachichi, ukimbonyeza sana anaharibika, ukimwacha dirishani analainika mwenyewe.

Nisalimie shemeji na redio yake. Nisalimie wanao wote, hasa yule mwalimu, mwambie barua yake nimeipata na makosa yake ya tahajia nimeyaona. Nisalimie jirani yako yule mshonaji, mwambie mkasi wake bado unakata. Watoto wanakushika miguu. Kamanda anasema nisiandike kwamba anakusalimu, atakuandikia mwenyewe, ana maswali yake kwako.

Mungu akulaze vizuri kila siku na kukuamsha na magoti yote mawili yakiwa salama. Akupe miaka ya kutosha kuwaona hawa wakizeeka na kuwacheka.

Mimi wifi yako, anayekupenda hata siku unazomsema,
Mama Kamanda.

*

Dada, shikamoo.

Mke wangu ameacha nafasi hapa chini, akanipa kalamu, akatoka. Nimesoma aliyoandika. Ni kweli yote, isipokuwa kuhusu parachichi.

Kuna kitu ambacho hata yeye sijamwambia. Asubuhi ile lori lilipoanza kuondoka, ulibaki umesimama kituoni unahema kwa zile mbio, nikakutazama mpaka chini. Ulikuwa umevaa kandambili moja nyekundu na moja ya bluu, na ya bluu ilikuwa ya jirani. Nililiona, nikacheka, nikadhani dada yangu amekuwa mzembe. Kule nilikokuwa, siku mbaya zilipozidi, nilikuwa nazikumbuka hizo kandambili, nacheka tena. Wenzangu walidhani nimepata kichaa.

Nilicheka miaka yote hii bila kujiuliza mtu anavaaje viatu hivyo.

Nakuja, dada.

Mdogo wako.